Siku Tuliyoshua Ndege Mambrui

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu ni ile tuliyoshua ndege, tukaiteremsha majini kama chombo cha bahari, pale Mambrui. Mume wangu asisikie. Harusi ilikuwa nzuri, pilau ilitosha na hakuna aliyegombana, lakini ndege ilikuwa jambo jingine. Vuta hilo busati ukae karibu. Juzi ulipoingia hapa kwangu Malindi macho yamekuvimba, ukaniambia mambo yako yamezama na huna tena la kufanya, sikukujibu kitu. Nilikutilia chai ya tangawizi nikakuacha ulale. Jibu nilikuwa nalo, ila ni refu, na mtu aliyechoka hasikii jibu refu.

Unaiona ile ndege ya bati inayoning'inia pale juu ya kabati la vyombo? Umekua ukiiona. Kila ikikaribia Idi unapanda kiti unaifuta vumbi, na hata siku moja hujaniuliza imetoka wapi. Nyinyi vijana mnadhani vitu vya nyumba za wazee vimejiotea vyenyewe. Haya, leo nakwambia.

Nilipokuwa msichana nilikaa kwa nyanya yangu Mambrui, mamake baba. Nyumba hiyo hiyo ndimo alimofikia Ami Athumani, ndugu mdogo wa baba, aliporudi kutoka Ulaya mvi zimemjaa. Aliondoka kijana akiwa baharia wa meli za mizigo, akashuka bandari moja ya huko na kupata kazi katika kiwanda cha ndege. Kazi yake ilikuwa kupiga ribiti, vile vijisumari vinavyoshikanisha mabati. Na ndege aliyoifanyia kazi miaka hiyo yote haikuwa ya kawaida. Ilikuwa ndege ya majaribio, hakuna mfano wake popote, ndege kubwa ya kutua baharini: chini ina tumbo la chombo, juu ina mbawa. Ingebeba watu na barua mpaka visiwa visivyo na uwanja. Ami akisimulia habari zake mikono ilimfunguka yenyewe kukuonyesha upana wa mbawa, na ukiwa umeshika kikombe cha chai karibu naye, ujue utalowa.

Basi ilipobakia kuingizwa majini ijaribiwe, amri ikatoka juu kwamba mpango umefutwa. Kuna waliosema fedha zimekwisha. Wakubwa wenyewe walisema hesabu zao zimeonyesha pua ni nzito, na ndege ile ikiwekwa tu majini itainamia mbele izame. Haikuwekwa. Ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu, na Ami alikuwa mmoja wa waliopewa misumeno. Kila alipofika hapo kwenye misumeno, Nyanya alianza kuzungumza habari za kuku.

Watu wa Mambrui nao unawajua. Barazani walimwita Athumani Ndege. Wengine walisema huko Ulaya alikuwa akiosha sahani, na ndege aliziona angani kama tulivyoziona sisi sote. Yeye alicheka nao. Dhihaka haikumkera hata kidogo. Kilichomkosesha raha ni swali moja tu, nililokuwa nikimsikia akijiuliza kwa sauti huku akipasua kuni uani: ingeelea au isingeelea? Mtu mzima, amezunguka bahari zote, amerudi kwao salama, na bado hawezi kumaliza sahani ya wali bila kujiuliza hivyo.

Asubuhi moja Nyanya akatoka chumbani akakuta ukuta wake wa ua, uliopakwa chokaa juzi tu kwa ajili ya Maulidi, umejaa ndege za mkaa. Moja imechorwa ubavu, moja imetazamwa kutoka juu, moja inakuja usoni. Ami amekaa chini yake, mikono myeusi, anatabasamu. Nyanya alimtazama mwanawe mwenye mvi kama unavyomtazama mtoto aliyekojoa kitandani. Kisha akauliza kama ule mkaa unafutika kwa maji. Ami akasema haufutwi mpaka ndege iishe. Basi Maulidi ile wageni walinywa kahawa yao wakitazama mbawa, na Nyanya aliwaambia wote kwamba ni pambo jipya kutoka Ulaya.

Ami hakuwa na picha wala karatasi yoyote. Ndege ile aliijua kwa miguu, maana kila siku alitembea kutoka pua mpaka mkia akiwa na nyundo yake. Akaamua kwamba kila hatua yake moja ya kule iwe upana wa vidole vyake viwili hapa. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu, mwanangu, vidole vya Ami, na ole wake aliyetumia vya kwake. Mimi nilitumia vyangu kwenye mkia, ukatoka mwembamba, nikaambiwa nianze upya. Mabati tuliyapata kwenye madebe ya mafuta ya kupikia. Kila palipokuwa na harusi nilitumwa kwa wapishi kuomba madebe matupu, mpaka wapishi wakiniona wananiuliza hali ya ndege kabla ya kuniuliza hali yangu.

Kazi yenyewe tuliifanyia kwenye banda la Fundi Shee, rafiki wa Ami tangu utotoni, aliyeunda vyombo vya bahari maisha yake yote kwa jicho na mkono. Fundi Shee alikuwa hajawahi kuona ndege ya majini na hakutaka kufundishwa. Alisema kama kitu kitaingia majini basi ni chombo, na vyombo ndiyo kazi yake. Ami alikata mabati kwa mkasi akayakunja na kuyapiga ribiti ndogo alizozitengeneza kwa misumari, na Fundi Shee akaja nyuma yake na pamba yake ya kalafati akaziba kila mshono. Halafu akaipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa wanayopaka vyombo. Ami aling'aka kwamba ndege haipakwi sifa. Fundi Shee akamuuliza kwa upole kabisa, je, ile yenu mliyoacha kuipaka, iko wapi leo?

Kila jioni mimi ndiye niliyeibeba ndege kuirudisha nyumbani, maana bandani kulikuwa na mbuzi wanaotafuna kila kitu. Niliiweka juu ya kata, ile ngata ya kitambaa, kichwani, mbawa zimenitanda huku na huku, na mlangoni kwa Nyanya ilinibidi niingie ubavu kama kaa. Nilinuka papa mwezi mzima. Mume wangu, ambaye siku zile alikuwa akipitapita mtaani kwetu akijifanya anatafuta mbuzi aliyepotea, anasema harufu ile nusura imkimbize. Lakini hakukimbia, na yule mbuzi hajapatikana mpaka leo.

Ilipokwisha, Ami aliniambia faraghani kwamba twende mimi na yeye tu, asubuhi mapema, tuiweke kwenye maji ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, tuone, basi. Nilimwona anaogopa. Kama ingezama, alitaka izame kimya kimya. Ila Fundi Shee alikuwa ameshapanga mambo yake. Kwetu chombo kipya hakiingizwi majini kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Kinashuliwa: watu wanaitwa, dua inasomwa, kamba inavutwa kwa nyimbo, wali unaliwa. Alimwambia Ami kwamba hajapata kushua chombo kwa kuibia na hataanza uzeeni. Nyanya akamuunga mkono, akaagiza mchele na halwa. Na Fundi Shee akaomba ndege ibaki kwake siku za mwisho, aipake sifa ya mwisho na kuitayarisha kwa adabu zote.

Basi siku ikafika, maji yamejaa vizuri. Nilidhani watakuja majirani wachache, kumbe ulikuja mji mzima. Walikuja wa barazani waliosema Ami alikuwa akiosha sahani, wamevaa kanzu safi. Wanawake walikuja na vugo zao, zile pembe wanazozigonga harusini, wakatia na vigelegele juu. Watu walitoka mpaka mashambani, mama mmoja wa Kigiriama akaja na kikapu cha mahindi ya kuchoma akisema kwao mtu haendi kwenye sherehe mikono mitupu. Ami alitoka chumbani amevaa ovaroli yake ya kiwandani, ya buluu, imepauka, imemkaza tumboni. Watu hawakumcheka. Alikuwa amependeza, wallahi, alikuwa kama bwana harusi.

Ndege ilikuwa imewekwa kwenye magogo ya duara, kama chombo kikubwa, imefungwa kamba nene iliyoshinda unene wa mkia wake. Watu wazima wenye vifua vipana wakashika kamba ile kuvuta kitu cha urefu wa mtoto wa miaka mitano. Kiongozi akatoa wimbo, wakaitikia, wakavuta kwa ncha za vidole ili wasiing'oe pua. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Ikateremka polepole mpaka kwenye maji, vigelegele vikapasua, kamba ikafunguliwa.

Na ile ndege, mwanangu, ikainama mbele. Pua ikaingia majini taratibu, mkia ukanyanyuka juu, mbawa zikagusa maji, ikabaki hivyo, kichwa chini. Vugo zikanyamaza. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Nilimtazama Ami. Uso wake ulitulia kabisa, akasema, "Walisema kweli." Akageuka, akaanza kupanda kurudi nyumbani na ovaroli yake. Mimi moyo ulinikatika. Nilimpenda sana yule mzee.

Watu waliitoa ndege majini. Hakuna aliyejua aifanye nini, basi nikafanya nililokuwa nikilifanya siku zote: nikaweka kata kichwani, nikawaambia wanitwike niipeleke nyumbani. Wakanitwika. Na shingo yangu, mwanangu, ikakataa. Nilikuwa nimeibeba ndege ile mwezi mzima, kila jioni, shingo yangu iliujua uzito wake kuliko mkono wa Ami. Hii haikuwa ile. Ilinivuta mbele. Nikafikiri imeingia maji, nikaomba waishushe, tukaitikisa. Ndani kukavu kabisa. Kisha nikasikia kitu kinagonga bati, go, go, kule puani.

Nilikuwa msichana katikati ya wazee, na siku zile hatukuwa na ulimi kama nyinyi. Lakini nilisema kwa sauti kwamba ndege hii ina kitu ndani ambacho hakikuwemo. Ndipo Fundi Shee akasogea mbele, hana wasiwasi wowote, uso umemng'aa kama mtu anayengoja kupongezwa. Akasema, "Ni farumi, Mishi. Sijapata kushua chombo kitupu. Nimemtilia mwenzangu farumi yake mwenyewe kwa mkono wangu."

Farumi, mwanangu, ni yale mawe yanayotiwa chini ya chombo kisiyumbe. Fundi Shee alikuwa ameyachagua pwani moja moja, yaliyo laini, akayasomea dua, akayafunga kwa kitambaa cheupe, akayapenyeza kwenye kimlango cha rubani kwa sababu ndicho kitundu pekee kilichokuwepo, kisha akakifunga imara. Na kile kimlango kiko wapi? Puani. Alifanya hivyo kwa mapenzi matupu, kwa kuwa alitaka chombo cha rafiki yake kikose hata kasoro moja.

Sikungoja. Nilikamata buibui langu nikakimbia, na msichana wa Mambrui alikuwa hakimbii mbele za watu. Nilimfikia Ami karibu na mlango wa nyumba. Nikamwambia, "Ami, rudi. Iliyozama si ndege. Ni mawe ya Fundi Shee." Alinitazama kama mtu asiyeijua lugha yangu. Nikamshika mkono nikamvuta, na alikuja kwa kuwa sikumwachia.

Tuliporudi, Nyanya alikuwa amesimama ukingoni mwa maji, mkono kiunoni. Nilidhani atamkaripia Fundi Shee. Hakumgusa kabisa. Alimgeukia mwanawe mbele ya mji mzima, na alisema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Athumani, umekasirika miaka yote kwa sababu wale wakubwa waliikata ndege yako bila kuitazama vizuri. Leo wewe umeitazama mara moja tu ukaenda zako. Umewazidi nini?"

Ami aliinamisha kichwa. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kifua kizima, akamshika mamake mabega akambusu kichwani. Akapiga magoti akatia vidole vyake kwenye kimlango cha rubani, akatoa jiwe moja, jingine, na jingine, kila jiwe likitoka watu wanashangilia. La mwisho alimpa Fundi Shee mkononi. Alimwambia ahsante, ndugu yangu, hakuna aliyeijali ndege hii kama wewe, ila jiwe hili halikuwa la ndege. Fundi Shee alilitazama lile jiwe, akauliza kwa mashaka makubwa kama kweli haitayumba. Ami akamwambia ina mbawa, Shee, mbawa ndizo zinazoishika. Fundi Shee akatikisa kichwa, akasema basi na iwe.

Hapakuwa na kamba tena wala magogo. Ami aliingia majini na ovaroli yake mpaka magotini, ameibeba ndege kama mtoto mchanga anayeogeshwa mara ya kwanza, akaishusha, akaondoa mkono mmoja, akaondoa wa pili. Ikakaa. Mwanangu, ikakaa sawasawa, tumbo majini, pua mbele, mbawa zimenyooka juu ya maji bila kuyagusa. Upepo ukazipiga rafadha za bati, yale mapanga ya kuzunguka ambayo Ami aliyafunga mbele ya mbawa, zikaanza kuzunguka, na ndege ikasogea yenyewe, polepole, ikielekea katikati ya hori. Sijui nani alianza kupiga kelele. Vugo zililia mpaka pembe moja ikapasuka. Wale wa barazani waliingia majini na kanzu zao safi kuifuata isitoroke, Fundi Shee mbele yao akipaza sauti kwamba ni sifa, ni sifa ndiyo iliyoiokoa. Hakuna aliyembishia.

Nilisimama karibu na Ami majini. Machozi yalikuwa yanamteremka na alikuwa anacheka, vyote kwa pamoja. Aliniambia, "Hii si ile, Mishi. Ile sitajua kamwe. Lakini hii nimeiona kwa macho yangu." Kisha akasema ana njaa, na siku hiyo alimaliza sahani yake ya wali akaomba nyingine. Nyanya alimtazama akila, na kesho yake aliupaka ukuta chokaa.

Tangu hapo waliendelea kumwita Athumani Ndege, ila sasa walisema jina hilo kama unavyosema jina la kapteni. Ndege yenyewe alinipa mimi niliyeibeba. Fundi Shee aliliweka lile jiwe kwenye rafu ya zana zake, na kila mgeni alionyeshwa farumi ya ndege.

Sasa wewe. Umesomea ulichochaguliwa na baba yako. Kazi ulitafutiwa na mjomba wako. Nyumba uliyopanga imejaa ndugu ambao mama yako alikuomba uwapokee, na mchumba unamvumilia kwa kuwa sisi shangazi zako tulimsifu. Naam, na mimi nimo, usinitazame hivyo. Kila mmoja wetu alikuja na jiwe lake laini, ameliombea dua, amelifunga kitambaa cheupe, akakutilia kwa kimlango kilichokuwa wazi. Halafu tukakushua kwa vigelegele. Ukainama. Na wewe, kabla hata hujatikiswa, umeshasema walisema kweli, umegeuka unarudi nyumbani.

Rudi majini, mwanangu. Ninalokuusia ni hilo. Ukizama mbele za watu, lia kama unataka kulia, lakini usikubali kuwa wewe ndiwe mbovu mpaka umetia mkono ndani ukajua nini chako na nini ulitiliwa. Uzoee uzito wako mwenyewe, kama shingo yangu ilivyoizoea ndege ile, ili ukiongezewa ujue. Jiwe ukilikuta, litoe. Usimtupie usoni aliyeliweka. Mpe mkononi, mwambie ahsante, mwambie halikuwa langu. Atahuzunika kidogo, kisha atajigamba kwa wageni. Na huenda watakaokwambia hutaelea wana hesabu zao, sijui, hesabu sikusoma. Ila usiwasaidie kazi ya kukukata. Ngoja mtu akutazame vizuri, na wa kwanza kukutazama vizuri uwe wewe.

Jiwe langu nalitoa mimi mwenyewe leo: yule mchumba, kama humtaki, humtaki, na nitawaambia hao wengine. Mungu akupe maji yaliyojaa siku utakayoyahitaji, akupe na upepo wa kukusogeza, akuwekee ukingoni mtu atakayekukimbilia akurudishe ukikata tamaa. Sasa inuka upande kiti uniteremshie ile ndege. Idi ingali mbali, lakini leo nataka tuifute vumbi pamoja, na uinuse kwa karibu. Mpaka leo ina harufu ya papa.